Hatua ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Binti yangu mkubwa alipomaliza chuo, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika vijitabu vya kuelekeza watu namna ya kutumia mashine. Nilimcheka barazani: "Nimesomesha mtu aje aandike karatasi za ndani ya boksi!" Baadaye wavuvi wa Kizingitini wakanambia mashine yao ya barafu haijawasumbua tangu wapate kijitabu chake. Sikumfikishia sifa hizo. Akarudi chuoni kusoma sheria za mtandao, maana, alisema, masharti tunayoyakubali kwenye simu yameandikwa ili tusiyasome. Hilo nalo nikalicheka.

Kisha mdogo wake akaolewa. Kwetu Amu, siku bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, kichwa wazi na asumini nyweleni, simu huachwa mlangoni. Dada yangu alipiga picha moja tu, akanitumia mimi babake, niliyekuwa kitandani na homa. Nikataka ndugu yangu wa Mombasa naye amwone bibi harusi. Kidole kikagusa kundi la mtaa badala ya jina lake. Niliifuta, lakini kuna aliyekwisha kuichukua. Kesho yake ilikuwa kwenye ukurasa wa harusi za Pwani, wanaume wasiomjua wakimsifu shingo.

Bibi harusi akajifungia chumbani. Wanawake wakamgeukia dada yangu. Wanaume walioiona kundini walininyamazia kwa kunistahi, nami nikanyamaza. Siku mbili.

Binti mkubwa akaja kutoka Nairobi, akafungua kompyuta yake ukumbini, sote tumeketi.

"Wenye mtandao hawasikii kilio," alisema. "Nitawaandikia kama kijitabu cha mashine: nini kilitangulia, nini kikafuata, sheria gani imevunjwa. Hatua ya kwanza ikiwa ya uongo, wataitupa barua yote. Shangazi, ukisha kumtumia baba, ulimtumia nani tena?"

"Wallahi, sikumtumia mtu!"

"Basi picha ina miguu?" mke wangu akamkejeli.

Dada yangu akaanza kulia.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitia kwenye kundi la mtaa."

"Siku mbili, Bwana!" mke wangu akasema. "Na wifi yangu nimemtukana bure."

Binti yangu hakuinua macho. Aliandika, kisha akatusomea. Sentensi fupi, kila moja ikishika mkono wa mwenziwe, na ya kwanza ilikuwa yangu. Hapakuwa na neno la kunitusi wala la kunificha. Sijapata kusikia barua iliyonyooka namna ile, nami nilikuwa nikidhani mtu haandiki vizuri ila aandike marefu.

Picha iliondolewa kabla ya Ijumaa. Bibi harusi akafungua mlango, akaomba chai.

Dada yangu nilimwomba radhi mbele ya wote waliomsuta. Halafu nikaenda barazani kuwaeleza wale wale niliomcheka mbele yao kazi ya binti yangu ni nini, na jina la nani limeanza kwenye barua yake. Walicheka sana. Nikawaacha wacheke.