Mtama Mweupe wa Mke Mwenzangu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka roho hunichoma. Ni siku mavyaa, mama mzaa mume wangu, alipotugawia mbegu za mtama. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa ameoa mke wa pili, Mwanaidi, binti mpole anayecheka hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Sikupenda hata kumsikia akikohoa.

Mavyaa aliteremsha masuke ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi juu ya meko. Mekundu akanipa mimi. Meupe, yale ya ugali laini aliokuwa akiupenda mume wetu, akampa Mwanaidi. Wivu ukanipanda hadi kooni.

"Mama, ndiyo malipo ya shikamoo zangu haya?" nikasema. "Mie nile ukakasi, bi mdogo ale utamu?"

"Una mtoto mchanga mgongoni," akanijibu taratibu. "Mtama mweupe unataka mtu wa kushinda dunguni, juu ya kile kilingo cha shambani, akiamia na kufukuza ndege tangu alfajiri. Mwekundu ndege hawaupendi. Nimekupa unaoweza kuulinda."

Sikutaka kusikia. Nililia, nikasusa chakula, mpaka Mwanaidi mwenyewe akasema, "Dada, chukua mweupe. Mie nitapanda mwekundu." Nikachukua, nikajiona nimeshinda.

Huku kwetu kwenye ukame, chini ya mji wa Maramba, mvua ikikatika mapema hakuna cha kupanda tena. Mtama wangu ulipotoa masuke nilipita makusudi mlangoni kwa Mwanaidi nikijisifu. Kisha mtoto akashikwa na homa. Nikashuka dunguni, nikakimbia naye zahanati. Niliporudi, kwelea kwelea walikuwa wameshapita. Mabua yamesimama, punje hakuna, na wanangu wanataka kula.

Mwanaidi akanikatia nusu ya shamba lake nivune. Hakunisimanga. Heri angenisimanga! Niliwalisha wanangu ugali ule mwekundu huku namwonea wivu upya, maana sasa alikuwa amenizidi hata roho.

Ndiyo maana nakusema, mwanangu. Tangu jirani yako alete ile mbegu mpya ya mtama unaokomaa upesi kutoka duka la pembejeo, hulali, unachungulia tu ua wake. Mbegu si mbaya, ila ndege nao wanaipenda. Lakini yeye ana vijana wa kukaa dunguni, wewe una nani? Panda kidogo uione, na sehemu kubwa ya shamba weka mtama unaoweza kuufikisha ghalani. Usichague mbegu kwa kumkomoa mtu, maana njaa ikija haitamuuliza yeye, itagonga kwako.

Mola akuteremshie mvua kwa wakati wake, akuepushie ndege na maradhi ya watoto. Na akimjalia jirani yako kuliko wewe, akupe moyo wa kumwambia hongera bila koo kukukauka. Dua hiyo mie ninaiomba mpaka leo, na Mwanaidi yupo hapo nyumba ya pili, bado anacheka.