Gemu ya Mpira ya Kokubanza

Kokubanza hakuwa mtu wa wivu. Mwenyewe alisema hivyo mara kwa mara, na kila aliyemsikia akisema alijua kwamba siku hiyo wivu umeshamkaba kooni.

Alikuwa mpiga chapa wa parokia huko Chonyonyo. Kwao ni Muleba, akaolewa Karagwe na mwalimu Telesfori, mwanaume mrefu, mcheshi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda miaka ya sitini wakaanza maisha upya kwa migomba na kahawa. Kwa miaka minne, tangu wafadhili walete kompyuta ambayo wao wenyewe walikuwa wameshaichoka, hapakuwa na mwingine pale aliyejua hata kuiwasha. Kadi za harusi, barua za kwenda jimboni, matangazo ya Jumapili, vyote vilipita vidoleni mwake. Ilikuwa 386, mashine ya kizamani, nzito kufikiri, lakini ilikuwa yake peke yake na hapakuwa na wa kumlinganisha naye.

Na aliitunza! Mbele ya boksi lake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa TURBO. Xaveri, dereva wa lori la kahawa, alikiona siku ile ya kwanza akashtuka. "Dada, hicho usikiguse kabisa. Lori lenye turbo linakunywa dizeli balaa." Dizeli ya jenereta ya parokia ilipimwa kwa kidumu, na mashine iliwashwa Jumamosi mchana tu. Kokubanza akakizima kitufe, akakibandika plasta ya vidonda juu, na akajisifu kwa padri kwamba hapo kabana matumizi. Barua zikaendelea kuchapwa, nani angejua?

Mwaka 1997, wakimbizi wa Rwanda walipokwisha kurudi kwao, ukaja mradi wa kupanda miti kwenye vilima walivyoviacha vipara kwa kukata kuni, na pamoja na mradi akaja karani wake, Anonciata. Binti wa watu, hana mume, ana kicheko cha kusikika barabarani. Ana kompyuta mpya yenye rangi zote. Na ndani ya kompyuta hiyo mna gemu ya mpira.

Telesfori akaanza kutoka kila Jumamosi. Mwanzoni alisema anakwenda kuangalia miche. Miche gani hiyo inayomrudisha mtu nyumbani anachekacheka peke yake? Kokubanza hakuuliza. Alimwekea ndizi zake mezani na kumtazama akila. Kilichomuuma zaidi ni lugha. Yeye na mumewe walielewana kwa Kiswahili na Kinyambo, lakini Telesfori na Anonciata walitaniana kwa Kinyarwanda, na kwenye Kinyarwanda Kokubanza aliambulia neno hapa na neno pale, tena yale yasiyo na maana.

Ikafika Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka. Kwao Muleba mke humkusanyia mumewe senene, akamkaangia, naye mume humtunza kwa kanga au gauni. Kokubanza aliamka alfajiri siku tatu, akanyonyoa mabawa mpaka vidole vikaota sugu, akajaza kopo la maziwa ya unga hadi juu, akampa mumewe. Kanga hakuiona. Jumamosi hiyo alijipa moyo akaenda ofisi ya mradi kuangalia hiyo miche. Kopo lake lilikuwa pembeni ya kibodi, nusu tupu, na Anonciata alikuwa anatafuna.

"Shikamoo dada! Karibu senene. Mwalimu ametuletea."

"Marahaba," alisema Kokubanza, na hata leo hajui lile neno lilitokaje. Telesfori alikuwa amekaa pale pale, anatazama kioo, na alikuwa na haya usoni angalau kidogo. Kokubanza angeweza kulibeba kopo lake akaondoka. Badala yake alitabasamu, akaomba kuazima diski za gemu.

Shabaha yake ilikuwa moja. Kama ni mpira, basi mumewe atauchezea parokiani, ubavuni kwa mkewe.

Diski zilikuwa saba. Kwenye jalada palichapwa kwamba gemu inataka prosesa ya 486 kwenda juu na kumbukumbu megabaiti nane. Yeye alikuwa na 386 na megabaiti nne. Jumamosi ya kwanza mashine ilikataa katakata. Ya pili akafungua kitabu kilichokuja nayo, na kamusi pembeni, akazima kila programu iliyoamka pamoja na mashine bila kuitwa. Akafuta sauti, akafuta watazamaji, akahamishia kadi za harusi kwenye diski ili kupata nafasi. Akaibana picha mpaka uwanja ukabaki saizi ya bahasha. Matangazo ya Jumapili yalitoka na makosa mawili, padri akanung'unika. Jumamosi ya tatu wachezaji wakaingia uwanjani, na Kokubanza akapiga kigelegele peke yake ofisini.

Wiki iliyofuata akamkalisha Telesfori kwenye kiti. Telesfori alibonyeza, akangoja, kisha mchezaji akanyanyua mguu.

"Huyu ana malaria?" aliuliza.

"Si anacheza!"

"Anacheza, Mama Kemigisha," alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao kama kawaida. "Umejitahidi kweli." Akamgonga begani kama mwanafunzi wa darasa la tatu aliyepata nusu ya hesabu, akaangalia saa. Huruma ile ilimchoma Kokubanza kuliko senene.

Jumamosi nyingine Telesfori alifika na Anonciata nyuma yake. "Nimemwomba atuangalizie," alisema, kana kwamba ameleta zawadi.

Anonciata aliinama mbele ya boksi. "Dada, imeumia wapi?" Akabandua plasta, akabonyeza kile kitufe cha TURBO. Taa ya kijani ikawaka, na wachezaji, ambao Kokubanza aliwahangaikia mwezi mzima, wakatimua mbio.

Telesfori aliruka na kiti chake. "Aa! Umeiponya!"

Umeiponya. Amwambie nani kwamba kidole kimoja kimechukua sifa ya mwezi mzima? Angetaja plasta, angejiaibisha mwenyewe. Alisimama nyuma yao, maana ofisi ilikuwa na viti viwili na gemu ilikuwa ya watu wawili. Kinyarwanda kikaanza, na vicheko. Bega la huyu likagusa la yule, pengine kwa bahati mbaya.

"Mama Kemigisha," alisema Telesfori bila kugeuka, "hakuna chai?"

"Hakuna," alisema Kokubanza. "Na gemu mimi sikuitaka. Mpira siujui, na haunihusu. Nilikutaka wewe ukae hapa."

Mikono yao ikaganda kwenye kibodi. Anonciata alimtazama Telesfori, Telesfori akatazama sakafu. Kisha binti akachukua mkoba wake, akainuka. "Nisamehe dada," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Sikujua." Akatoka.

Kokubanza akakaa kwenye kile kiti. Kilikuwa bado na joto, na alilichukia joto lile.

"Sisi ni akina nani?" aliuliza.

"Wewe timu nyekundu. Herufi hizi nne za kukimbia, na hii ya kupiga."

Walicheza. Telesfori alimfundisha kwa upole, hakumtania hata mara moja, na Kokubanza akafungwa mabao saba. Lakini kila hatua ziliposikika nje kwenye changarawe, Telesfori aligeuza shingo kutazama mlango aliotokea Anonciata. Katika moja ya mara hizo Kokubanza alibonyeza, mpira ukaingia. Ndilo bao lake la kwanza, na hakuthubutu kushangilia, kwa sababu alikuwa ameona mumewe alikokuwa anatazama.