Mbegu za Mama Mkwe

Mama mkwe hapandi kitu kabla hajaonja udongo. Anauchota kwa vidole viwili, anauweka ulimini, anatema, kisha anasema "bado" kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Hata yule mwenye mashamba wa zamani, na kiburi chake chote, alilitii neno hilo. Mapinduzi yalipokuja kila kitu kikawa cha wote, ila mvua ilikataa kujiunga. Kamati ya kijiji ikaamua mahindi yapandwe siku moja tu, sikukuu ya ushindi. Siku hiyo mke wa mwanawe, aliyekuwa mstari wa pili, akaona mkono wa mama mkwe unaingia shimoni mtupu na kutoka mtupu. Mbegu zote alikuwa amezifunga kwenye pindo la nguo.

"Mama, watakuona!"

"Wewe fukia, mwanangu. Mchwa nao wana kamati yao."

Mwenyekiti akapita, akausifu mstari wa mama mkwe kwa kunyooka.

Mvua ilikuja mwezi uliofuata, mbegu za wenzake zimeshaliwa na mchwa zamani. Mama mkwe akafungua pindo lake mchana kweupe, akainama kupanda, na kamati ikamkuta hapo hapo. Hawakumfunga. Walisema mbegu ni mali ya wote, wakazigawa kwa usawa, kila nyumba kiganja kimoja. Kiganja kimoja hakitoshi shamba, ila kinatosha chungu. Jioni moshi ukafuka juu ya kila paa. Fungu lake mama mkwe alilipika mwenyewe, maana wajukuu walikuwa hawajala tangu jana.