Ripoti Si Suluhisho

Wiki nzima nilifundisha ufahamu mmoja tu, na wiki nzima gredi ya tisa yangu, huku upande wa Kishushe, ikanitoa jasho. Habari yenyewe ilikuwa nyepesi. Mafuriko yamebeba daraja, watoto hawavuki kwenda shule. Wanakijiji wanapiga ripoti ofisini. Baadaye wanachanga mawe na mbao, wanajenga kivuko wenyewe. Tatizo walilipata wote. Nilipouliza suluhisho, wote walipigia mstari ile ripoti.

Ningewalaumu vipi? Huku ndovu akiingia shambani unapiga ripoti, bomba likikauka unapiga ripoti, halafu unarudi nyumbani kungoja. Lakini mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni na mimi nilishaishiwa na subira.

"Ripoti si suluhisho," nikawaambia, nikigonga ubao. "Jiulizeni: baada ya hapo, nini kimebadilika? Kama hakuna, bado mko kwenye tatizo."

Msichana niliyekuwa nikimtegemea kuliko wote akainua mkono. Nilifurahi, nikajua angalau mmoja amenielewa.

"Mwalimu, ndovu walimaliza mahindi yetu. Baba akapiga ripoti, hakuna kitu. Sasa amesema Jumamosi niende kule mbali Njukini kwa shangazi, nimsaidie shamba, ndio atume mahindi nyumbani. Hapo itabadilika. Si hiyo ndiyo suluhisho?"

Darasa zima lilinitazama, kalamu mkononi, likingoja jibu la kuandika. Kwa jinsi nilivyowafundisha, alikuwa sahihi. Nikawaambia wafunge vitabu, nikatoka nje, na huko nje nikashindwa hata kujua kwa nini nimetoka.

Masomo yalipoisha nilimfuata hadi kwao. Shamba lilikuwa mabua yaliyokanyagwa na kinyesi cha ndovu. Baba yake alinipa kiti cha pekee kilichokuwapo, yeye akakaa juu ya jerikeni. Nilimsihi, bila aibu. Nikamwambia binti ana kichwa, miezi iliyobaki ni michache, aje akae kwangu mpaka amalize, chakula na kila kitu juu yangu.

"Asante, mwalimu," akasema. "Mungu akubariki. Lakini yeye akikula kwako, hawa watakula nini?"

Wadogo watatu wa msichana walikuwa wamesimama mlangoni. Nilitamani mzee yule awe mkali, awe mlevi, awe baba asiyethamini elimu, nipate wa kugombana naye. Alikuwa mpole, na alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na mshahara mdogo wa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, na chumba kimoja cha kupanga.

Msichana alinisindikiza hadi barabarani. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikijikaza.

"Mwalimu, mtihani naweza kufanyia Njukini?"

Jina lake lilishasajiliwa kwetu, na nilijua kulihamisha wakati ule wa mwaka ni jambo lisilowezekana kirahisi, pengine lisilowezekana kabisa. Nilipaswa kumwambia hivyo. Badala yake nikasema nitauliza.

"Sawa, mwalimu," akasema, kwa adabu, kwa sauti ile ambayo watu wazima wa huku huitumia wakitoka kupiga ripoti ofisini. Kisha akarudi nyumbani kufunga nguo zake.