Nyumba Yetu Juu ya Lori

Nyumba yetu ya Oicha ilikuwa ya mbao tupu. Baba, aliyekuwa mpasuaji mbao, aliijenga mwenyewe, akaipaka mafuta machafu ya injini ili mchwa wasiiguse. Misumari hakuipigilia mpaka mwisho. Kiwanja kilikuwa cha kupanga, na kwetu mtu akifukuzwa kiwanjani huing'oa nyumba yake, akaisimamisha kwingine. Baba alijivunia werevu huo mpaka alipofariki.

Vita vilipotufikia, mama na mimi tulikimbilia Butembo, kwa shangazi yangu wa mtaa wa Vulamba. Mama aliufunga mlango vizuri, maskini, kana kwamba askari hubisha hodi.

Asubuhi moja tulikuwa tunatoka sokoni tukaona lori la mbao limesimama kando ya barabara, linaelekea Uganda. Mama aliangusha kapu la sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Mbao zilikuwa nyeusi upande mmoja, na juu yake kulikuwa na mlango wetu, picha ya Bikira Maria ingali imebandikwa. Hata ubao mmoja haukuwa umepasuka. Baba alikuwa amewarahisishia wezi kazi yote.

“Papa, ile ni nyumba yangu!” mama alimlilia mnunuzi, mgeni aliyekuwa akilindwa na askari wawili.

“Timber, mama,” alijibu yule bwana, bila hata kumtazama. “Timber.”

Mama akapanda lori, akaketi juu ya mlango wake. “Basi munipeleke nayo!” Askari walimvuta kwa kikwembe mpaka akaanguka chini. Lori likaondoka, na watu wakaendelea kununua nyanya. Mpaka leo siamini kwamba waliendelea kununua nyanya.

Baada ya vita nilijifunza Kiingereza, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Siku moja nikalitafuta neno lile katika kamusi nene. Kumbe zamani sana, kwa Waingereza, timber lilikuwa nyumba yenyewe, jengo lililosimama. Baadaye ndipo likawa mbao za kujengea, kisha miti ya msituni.

Nilimweleza mama, tukiwa bado wapangaji pale Vulamba. Aliacha kuchambua maharagwe, akanitazama kwa mshtuko ule ule wa barabarani.

“Donc, kumbe ule mutu alijua,” akasema. “Nilimuambia ni nyumba, akanijibu ni nyumba, na akaipeleka.”