Lenzi ya Kupigia Nguo za Mama

Ukiwauliza wapiga picha wa mtandaoni lenzi ya bei nafuu ya kupigia bidhaa, watakujibu kabla hujamaliza kuandika swali. Chukua ya milimita hamsini, watakwambia, ile nyepesi ya plastiki yenye tundu kubwa la mwanga, hutajuta. Hakuna anayeuliza bidhaa yenyewe ni nini. Mimi ningeulizwa ningeona haya kujibu, maana nilichotaka kupiga hakikuwa cha kuuzwa. Zilikuwa nguo za mama yangu, na mama alikuwa ameshazikwa.

Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mjini Njombe. Napiga picha chupa za mafuta ya parachichi, asali, pakiti za chai, viatu vya mitumba vilivyosuguliwa mpaka vikasahau vilikotoka. Wenyewe wanaziweka kwenye simu na kuuza mpaka Dar. Ni kazi ya kimya. Chupa haina haraka, haipepesi macho, wala haiulizi kama imetoka nene. Kwa mtu mwenye hasira za karibu kama mimi, ni afadhali hiyo kuliko harusi.

Kazi hiyo nilikuwa nikiifanya kwa lenzi moja nzuri, niliyoinunua pamoja na kamera. Mwaka mmoja paa la studio likavuja masika yote, nikaona niipeleke lenzi kwa mama, kijijini Mdandu, pamoja na vitu vingine visivyopatana na maji. Mama aliishika mkononi, akausikia ubaridi wa chuma chake, akaionea huruma. Kwetu kitu unachokithamini hukiachi sandukuni kwenye baridi. Mahindi ya mbegu huwekwa darini juu ya moto wa jikoni, yapate joto na moshi, wadudu wasiyaguse. Basi mama akavua sweta lake la kijani, akaifunga ile lenzi kama anavyofungwa mtoto mchanga, akaipandisha darini ikakae na mbegu. Chini yake akaendelea kupika makande na viazi, na mvuke ukapanda kila siku.

Nilipokwenda kuichukua, fangasi walikuwa wameota ndani ya kioo. Nyuzinyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Nilimshukuru mama. Ningesema nini? Alikuwa amekaa bila sweta masika yote kwa ajili ya kipande cha kioo asichojua kinafanya nini. Tangu hapo kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza swali lile lile: "Lile jicho lako halijashikwa na baridi tena?" Nami nilimjibu kwamba linaendelea vizuri kabisa.

Halikuwa likiendelea vizuri. Wateja walianza kulalamika kwamba picha zangu zina ukungu, na mama mmoja wa mafuta ya parachichi akaniambia chupa zake zinaonekana kama zimelala nje. Nilibana tundu la mwanga, nikageuza taa zisipige kioo moja kwa moja, nikasukuma siku. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitanunua nyingine. Kisha ukaja msimu wa baridi, mama akashikwa na kifua, tukampeleka hospitali akitembea mwenyewe, tukarudi naye amelazwa nyuma ya gari amefunikwa shuka. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walipanga siku ya kugawa nguo. Kwetu nguo za marehemu hazibaki ndani ya nyumba. Ndugu wanakusanyika, zinaombewa, kisha mzee anaziita moja moja na kila moja inapata mtu wa kuivaa. Nguo za mwanamke huenda kwa wanawake. Mimi ni mtoto wa mwisho, sote tumezaliwa wanaume, na nilijua vizuri kabisa kwamba siku ile ikipita sweta la kijani litaondoka begani kwa mtu na sitakuwa na la kusema. Sikuona ubaya wa desturi hiyo. Lakini iliniuma vilevile.

Sweta lenyewe lilikuwa limechakaa. Viwiko vyake mama alivishona mara nyingi, na hakuwahi kununua uzi wa kushonea. Alifumua cha zamani. Kiwiko cha kulia kilikuwa na uzi wa bluu uliotoka kwenye sweta langu la shule ya msingi, juu yake uzi mwekundu wa kofia ya kaka yangu, na katikati uzi mweupe ambao sikujua ulitoka wapi. Nilitaka picha ambayo mtu akiitazama aone uzi mmoja mmoja na tundu ilimopita sindano. Nilijaribu kwa simu, pale pale nyumbani kwa mama. Simu ina tabia ya kumpendezesha mtu hata asipoomba, ikalainisha kile kiwiko kikawa kama kipya. Nilijaribu kwa lenzi yangu ya fangasi, nikapata wingu la kijani.

Sanduku la nguo lilikuwa chini ya ulinzi wa mama mdogo. Yeye ni mdogo wake mama, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Alikuja kwenye msiba kutoka Matamba, kule juu karibu na Kitulo, amevaa koti jepesi la mvua, akakaa pale nyumbani kusubiri siku ya kugawa. Macho yake huona cha karibu tu. Nilimwomba aniazime sweta kwa siku moja, nikashindwa kueleza ni la nini. Alilitoa bila kuuliza, akanitupia mabegani na kulifunga shingoni. Alidhani nasikia baridi.

Nikaenda nalo Makambako. Kule, si mbali na njia panda, kuna mzee mmoja mfanyabiashara aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita, anauza redio, kamera na vikorokoro vya mtumba, na hufunga duka akienda msikitini bila kujali nani amesimama mlangoni. Nilimkuta ametoka kuswali. Nikamweleza nataka lenzi ya kupigia vitu vidogo studio, ya bei ya mtu wa kawaida. Akaniletea hamsini ya plastiki, ile ile ya watu wa mtandaoni, akaisifia kwamba inaona hata gizani. Nikamwambia studio sina giza, nina taa, na kwenye bidhaa lile tundu kubwa nalibana kila siku ili chupa yote ionekane safi, mbele mpaka nyuma. Hakupenda kusahihishwa, lakini aliniacha nijaribu.

Nililitandaza sweta juu ya kaunta yake. Ile hamsini kwa mbali ilikuwa safi, sina kinyongo nayo. Nilipoisogeza nione kiwiko ikakataa. Ilinung'unika mbele na nyuma ikitafuta pa kushika, ikakosa. Nikirudi hatua inashika, lakini uzi unakuwa mdogo mno. Ukiwa na chupa ya asali hilo halikusumbui. Mimi sikuwa na chupa.

Mzee akainama chini ya kaunta, akatoka na lenzi nyingine, makro ya zamani, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Alikuwa amekata tamaa ya kuiuza. Hailengi yenyewe, unazungusha pete kwa mkono, na haiwezi kuzungumza na kamera za siku hizi mpaka uipatie kipete cha kuiunganishia. Vijana wanaitazama wanacheka, alisema. Ndiyo maana bei yake ilikuwa imeshuka chini ya ile ya plastiki. Niliimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, kama nilivyojifunza kwa machungu. Kioo kilikuwa kitupu, hakuna hata uzi mmoja ndani.

Niliifunga kwenye kamera, nikainama juu ya kiwiko, nikazungusha pete polepole. Kijani kilitoka kwenye ukungu. Uzi wa bluu ukaja, kisha mwekundu, kisha nikafika kwenye ule mweupe ambao sikujua ulitoka wapi. Ulikuwa mwembamba kuliko nyuzi nyingine, na mwisho wake ulikuwa umejikunja. Haukuwa uzi. Mama alikuwa ameshona na unywele wake bila kujua, ameinama juu ya kazi yake karibu na moto, unywele ukaanguka, sindano ikaupitisha.

Nilibaki nimeinama pale muda mrefu kuliko inavyofaa dukani kwa mtu.

"Haioni?" mzee aliuliza.

"Inaona," nikamjibu.

Alinitazama usoni, akalitazama sweta, akaelewa peke yake. Alisema maneno ya dini yake kwa sauti ndogo, akanipa pole, hakuisifia tena lenzi yoyote. Kile kipete cha kuunganishia alikitia ndani ya bei. Wakati wa kunifungia akanikanya kama anavyomkanya kila mtu wa huku juu: kwenu Njombe kuna unyevu, lenzi usiifunge kwenye kitambaa cha sufu, na jikoni usiipeleke kabisa. Nikamwambia nimesikia.

Siku zilizofuata niliigeuza sebule ya mama kuwa studio. Nilining'iniza shuka jeupe ukutani, nikaleta taa zangu na stendi, nikapiga nguo zake kama ninavyopiga bidhaa za watu. Vitenge vyake, khanga, blauzi nyeupe ya umoja wa akina mama wa kanisani, gauni la shughuli ambalo alilitunza hadi likapitwa na miili yake miwili, ule wa unene na ule wa ugonjwa. Kazi ilikwenda taratibu. Kwa lenzi ile kila picha unaitafuta kwa vidole, na ukikohoa unaanza upya. Sikujali. Nilikuwa na sababu halali ya kushika kila kitu chake, na hakuna aliyeweza kuniambia ninajitesa. Mama mdogo alikaa mlangoni akikunja kila nilichomaliza.

Siku ya kugawa ilifika. Mwinjilisti aliomba, tukaimba, mzee wa ukoo akaanza kuita. Vitenge vilikwenda kwa wakaza wana, blauzi ya kanisani kwa shangazi. Moyoni nilikuwa na tamaa ya kijinga kwamba sweta lile bovu litakosa mtu, litupwe pembeni, nami nijiokotee. Mzee alilinyanyua, akaangalia viwiko, akamwita mama mdogo. Hakuna ambaye angeweza kupinga, hata mimi. Baridi ya Matamba haichezewi, na lile koti lake la mvua tulikuwa tumelionea aibu tangu msibani. Mimi nilipewa kigoda cha jikoni.

Watu walipotawanyika nilikaa juu ya kigoda changu nikafungua kompyuta, nikaanza kuzitazama zile picha. Zilikuwa nzuri. Naijua kazi yangu, na sijawahi kupiga picha nzuri kuliko zile. Mama mdogo akaja nyuma yangu, amelivaa sweta, limemfika mapajani. Akaomba azione. Nikamsogezea kioo cha kompyuta mpaka karibu kiguse pua yake, ndipo akaona. Alitambua kila kitu. Khanga hii walinunua pamoja. Gauni hili alishona fundi aliyewakasirisha. Huu uzi mwekundu, huu wa bluu. Alikwenda mbele picha moja moja, akafika mwisho, akarudi nyuma, akafika tena mwisho. Nilidhani amefurahi.

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Sikumwelewa kwanza. Kumbe alikuwa amesikia kwamba nimekwenda hadi Makambako kutafuta jicho la kuona karibu sana, na siku zote zile alizokaa mlangoni akikunja nguo, alikuwa akisubiri nifike kwa dada yake.

"Hayupo, mama mdogo."

"Hayupo," alirudia. Akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole vyake. "Basi nipige na mimi, mwanangu, kabla hamjaja kugawana vya kwangu."

Lile shuka jeupe lilikuwa bado ukutani. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikawasha taa moja, nikaifunga ile lenzi nzito. Nikamweleza kwamba hii hailengi yenyewe, imezoea vitu visivyotikisika, kwa hiyo atulie. Alitulia kuliko chupa. Alibana pumzi kama mtu aliye mbele ya daktari, nami nikazungusha pete. Sweta likaja kwanza, kisha shingo, kisha kidevu, kisha yale macho waliyochangia yeye na mama, yananitazama yanangoja.

Hapo yangu yakajaa maji, nikashindwa kujua kama nimelenga sawasawa. Nilibonyeza hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa bado amebana pumzi.