Mashine ya Baridi Iliyokula Kuliko Babu

Babu yangu Wasike alikuwa mesenja wa kampuni moja ya mbegu hapa Nakuru, mwaka wa hamsini na saba, na kitu kilichokaribia kumharibia jina hakikuwa pombe wala mwanamke. Kilikuwa sanduku la chuma lililowekwa dirishani, likinguruma kama ng'ombe mwenye kikohozi.

Mwenye sanduku alikuwa Bwana Thornley, meneja. Aliishi Mombasa miaka sita, akapanda bara na mashine ya baridi, kama mtu anayehamia Molo, kwenye baridi na ukungu, akiwa amebeba gunia la ukungu. Lakini ofisi ilikuwa ya mabati na Bwana alikuwa mnene, basi mashine iliwashwa saa mbili asubuhi ikazimwa saa kumi na moja. Aliyemuuzia alisema inakula stima, yaani umeme, kama taa mbili tu. Akaamini. Mtu akishanunua kitu ghali huamini lolote.

Upande wa pili alikaa karani wake, Memsahib Pruett, mwembamba kama njiti ya kiberiti, anayesikia baridi hata Februari. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Kwa Memsahib palikuwa na meko ya ukutani, na tangu kampuni ifunguliwe sheria ilikuwa moja: moto uwashwe asubuhi, usizimike mpaka watu watoke. Kazi ya nani? Ya babu. Alibeba mabaki ya mbao yaliyoletwa na lori kutoka Elburgon, akawasha moto upande huu, kisha akaenda kuwasha baridi upande ule.

Joto likapita juu ya ukuta kumfuata Bwana. Mashine ikajibu kwa baridi, nayo ikapita juu ya ukuta kumfuata Memsahib. "Wasike! Kuni!" analia Memsahib. "Wasike! Funga dirisha, hii joto natoka wapi?" anafoka Bwana. Babu alijaribu kusema mara moja tu.

"Bwana, ule moto wa Memsahib..."

"Mimi hapana taka maneno. Fanya kazi."

Akafanya kazi. Kutii ndiko kulikokuwa kosa lake.

Bili ikaja. Kabla ya mashine ilikuwa shilingi ishirini na mbili kwa mwezi. Sasa mia na nne. Yaani mashine peke yake ilikula shilingi themanini na mbili, na babu alikuwa analipwa themanini na tano. Angalau alikuwa ameipita kwa pakiti ya chai.

Bwana hakuitazama mashine hata kidogo. Si inakula kama taa mbili? Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha babu nyuma ya stoo, akageuza godoro, akatafuta waya. Akapata koroboi, sufuria na Biblia.

"Wewe napika na stima yangu."

"Bwana, napika na makaa. Tazama masizi."

"Mwezi ujao bili kama hii, wewe kwenda. Na mimi taandika kwa barua yako: mwizi."

Kufutwa kazi ni kitu kimoja. Lakini siku hizo hakuna aliyekuandika kazi bila barua ya bwana wako wa mwisho, na mwenye barua ya wizi angerudi kwao Kimilili akachunge mbuzi za shemeji zake.

Msoma mita aliitwa Kipchoge. Alipokuja, babu alikuwa akimngoja nyuma ya ofisi, kwenye ukuta wenye mita.

"Wewe Mbukusu," Kipchoge akacheka, "nasikia unasonga ugali na stima. Ule mlima wenu wa ugali, si ajabu mita imechoka!"

"Cheka tu. Ukimaliza nifundishe kusoma hiki kitu, la sivyo utakuja kunisalimia kijijini."

Kipchoge akaacha mzaha. Akamwonyesha kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo. Kikikimbia, stima inaliwa. Kikitembea, hailiwi sana. Na zile namba ndizo zinazolipwa.

Kwa siku tatu babu alinakili namba kwa chaki kwenye ukuta huo, asubuhi na jioni. Kila siku unit kumi na nne. Siku ya nne alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani: alimdanganya Memsahib kwamba kuni zimelowa. Memsahib akakaa siku nzima na koti, akimwita majina. Lakini hapakuwa na moto, na kabla ya chai ya saa nne ile mashine ilinyamaza yenyewe, kwa sababu chumba kilikuwa kimepoa. Ikawa inaamka kidogo na kulala tena. Jioni: unit tano.

Akamwita Bwana. Alisimama kando ya ukuta wenye chaki, akaeleza yote. Bwana alitazama namba muda mrefu. Shingo ikawa nyekundu. Kisha akaingia ndani, na wazungu wawili wakagombana juu ya ukuta usiofika juu mpaka wateja wakasahau mbegu walizokuja kununua.

Moto ukapigwa marufuku. Babu hakuombwa radhi, wala godoro halikurudishwa kitandani.

Jumatatu Memsahib akaja na hita ya stima kutoka kwake. Akaichomeka upande wake. Mashine ikaamka upande ule. Babu akaenda nyuma kimya kimya kutazama mita: kisahani kilikuwa kikikimbia kama ndama aliyeumwa na nyuki.

Alifikiria kwenda kusema. Akakumbuka godoro. Akaenda badala yake kwa Bwana, kofia mkononi.

"Bwana, naomba barua yangu. Nimepata kazi Elburgon, kiwanda cha mbao."

Hakuwa amepata kazi popote. Lakini bili ingefika baada ya wiki tatu, na alijua godoro la nani lingegeuzwa tena. Bwana, ambaye bado hakupenda kumtazama usoni, aliandika haraka.

Barua hiyo tunayo nyumbani, ndani ya mkebe wa chai. Haina neno mwizi. Inasema: Mwaminifu, mwenye bidii, lakini anasema sana.